Kabla ya kumpigia kura msanii wako, uliza kura zinajumlishwaje

Msimu wa tuzo ukifika, hali za WhatsApp hapa Uganda hujaa picha za aina moja: msanii kapendeza, jina la kipengele anachowania, na namba ya kupigia kura. Majina ya tuzo hubadilika. PAM zilianza 2003, HiPipo zikaja 2013, Janzi 2021. Swali la mtazamaji halijabadilika: kura ikishatoka kwenye simu yangu, inafanywa nini?

Sizipingi tuzo. Mtu aliyekesha studio miezi minane akitafuta kiitikio kimoja anastahili kusimama mbele ya watu na kupigiwa makofi. Ninachokataa ni kuombwa salio na imani kwa pamoja, halafu hesabu ifichwe.

Tangazo la kawaida litakwambia hivi: mashabiki asilimia 40, majaji asilimia 60. Mtu anaridhika. Lakini sentensi hiyo bado haijaeleza kitu. Chukua nyimbo tatu na kura 100,000 za mashabiki. Wimbo wa kwanza umepata 80,000, wa pili 15,000, wa tatu 5,000. Majaji wametoa wastani wa alama 70, 85 na 80 kwa mfuatano huo huo. Ukijumlisha kwa uwiano, wimbo wa kwanza unapata 32 za mashabiki na 42 za majaji, jumla 74. Wa pili unapata 6 na 51, jumla 57. Wa tatu 50. Wa kwanza kashinda, tena kwa mbali.

Sasa jumlisha kwa nafasi: anayeongoza apewe pointi 3, anayefuata 2, wa mwisho 1. Kwa mashabiki wimbo wa kwanza una 3, kwa majaji una 1. Ukiweka uzito wa 40 na 60, unabaki na 1.8. Wimbo wa pili una 2 kwa mashabiki na 3 kwa majaji, jumla 2.6. Mshindi kageuka. Kura ni zile zile, majaji ni wale wale, asilimia ni zile zile. Mwandaaji asiyetangaza njia ya kujumlisha kabla ya kura kufunguliwa amejiachia nafasi ya kuchagua mshindi baada ya kuona matokeo. Hata kama ni mtu mwaminifu, wewe huna namna ya kujua.

Kura zenyewe nazo zina matundu. Tovuti nyingi huzuia mtu kurudia kwa kuangalia anwani ya intaneti. Kampuni za simu huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja, kwa hiyo ukibana sana, mtaa mzima unahesabiwa kama mtu mmoja. Ukilegeza, kijana mmoja mwenye programu ndogo anapiga kura usiku kucha. Hapa kwetu kuna jambo la ziada: Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na watu wakazoea VPN, programu inayoficha mahali ulipo. Kura ya mtu aliye Mbale inaonekana imetoka Uholanzi. Ukizikataa kura za nje, unamtupa shabiki wa kweli. Ukizikubali, hujui tena nani yuko wapi. Kutumia barua pepe ndiyo njia dhaifu kuliko zote, maana jioni moja inatosha kufungua anwani ishirini. Afadhali msimbo unaotumwa kwenye simu, kura moja kwa kila laini. Mwenye laini tatu atapiga tatu, sawa, lakini kila laini imesajiliwa kwa kitambulisho na kuipata ni usumbufu.

Ujumbe mfupi wa kulipia ni habari nyingine. Pesa yake hugawanywa kati ya kampuni ya simu, mwenye mtambo wa namba na mwandaaji. Kadiri shabiki mmoja anavyorudia, ndivyo wote watatu wanavyopata. Kura ya kulipia isiyo na kikomo ni mchango, na iitwe mchango. Msanii mwenye rafiki tajiri asitangazwe kuwa kipenzi cha taifa.

Mwimbaji wetu Eddy Kenzo anatuonyesha milango miwili. Mwaka 2015 alipata tuzo ya BET, televisheni ya Marekani, ya msanii mpya wa kimataifa katika kipengele kilichoamuliwa na watazamaji. Novemba 2022 akateuliwa kuwania Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, kwa “Gimme Love” aliyoimba na Matt B, na huko wanaopiga kura ni wanachama, watu wa kazi ya muziki. Ni heshima mbili tofauti, na kila moja ilijulikana imetoka kwa nani. Hata Grammy hawakuwa safi: hadi 2021 walikuwa na kamati za siri zilizopitia orodha za walioteuliwa, wakaziondoa baada ya malalamiko mazito. Kelele za watu zilisaidia.

Usiku wa televisheni wenyewe, tazama nyaya. Kinanda kisicho na waya nyuma kwa kawaida hakitoi sauti. Ukisikia matoazi na matoazi yenyewe hayatikisiki, ni plebeki, yaani muziki uliorekodiwa. Msanii akishusha maiki kifuani na sauti ikabaki pale pale, umepata jibu. Sababu ni muda: ngoma peke yake huhitaji maiki sita hadi nane, na kupanga bendi na kujaribu kila chombo huchukua dakika kumi na tano au zaidi. Vikundi kumi kwenye jukwaa moja haviwezekani. Dawa ipo: bendi moja ya tuzo zenyewe iwapigie wote, ifanye mazoezi wiki mbili, na vyombo visihamishwe. Ni gharama, lakini tuzo ya muziki isiyo na muziki wa kupigwa inampa nini mpiga gitaa aliyekaa ukumbini?

Linaloniuma zaidi ni vipengele vya kanda. Wimbo wa Kiacholi kutoka Gulu au wa Kilugbara kutoka Arua huwekwa kwenye kisanduku cha kaskazini, kisha wimbo bora wa mwaka hugombaniwa na nyimbo za Kiganda na Kiingereza. Anayeimba Kiswahili hajui hata aingie kisanduku gani, ingawa lugha hiyo ndiyo iliyomvusha mwimbaji wetu Jose Chameleone mpaka Nairobi na Dar es Salaam. Mshindi wa kanda aingizwe moja kwa moja kwenye kipengele kikuu, na majina ya majaji yatangazwe pamoja na lugha ambazo kila mmoja anazisikia. Jaji asiyeelewa neno hata moja la wimbo aruke wimbo huo, na wastani utafutwe kwa waliobaki.