Gari la safu tatu? Kaa siti ya nyuma kwanza

Hapa Coventry, Uingereza, ninapoishi, safu ya tatu kwenye magari mengi ya familia haikaliwi na mtu. Imelazwa, na juu yake kuna baiskeli ya mtoto, mifuko ya supamaketi na koti la mvua. Huinuliwa siku ya bethidei, watoto wa jirani wanapohitaji kurudishwa kwao, kisha inalazwa tena. Kwa hiyo mtu wa huku akikusifia gari lake la siti saba, msikilize vizuri: anasifia buti kubwa.

Nayasema haya kwa sababu sisi watu wa Kusini tulioko nje tunapenda sana kuwashauri ndugu walioko Mtwara na Lindi gari la kununua, na tunawashauri kwa macho ya huku. Tunauliza skrini, kamera ya nyuma, paa la kioo. Siti ya nyuma kabisa hatuiulizii. Tutaiuliziaje wakati hatuikalii?

Haya, lichukue gari hilohilo, liwe Mtwara mjini, na kuna msiba Newala. Siti ya mbele ni ya mjomba. Kwetu hilo halina mjadala. Katikati wanakaa bibi, shangazi na mama mwenye mtoto mapajani. Nyuma wanasukumwa vijana wawili, na wifi akiamua dakika ya mwisho kwamba naye anakwenda, wanakuwa watatu. Safari ni zaidi ya kilomita 100, unapita Nanyamba, unapita Tandahimba. Hapo ndipo utakapojua gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Kwenye SUV nyingi, yale magari ya familia yaliyoinuka juu, sakafu ya nyuma imeinuka kupisha ekseli na tangi la mafuta, lakini paa haliwezi kuinuka nayo, kwa hiyo siti inashushwa. Mtu mzima anakaa magoti juu, mapaja yakielea. Volvo wenyewe wanasema siti za nyuma za XC90 ni za mtu asiyezidi sentimita 170, na hilo si gari la bei ndogo. Kisha kuna joto. Madirisha ya safu ya tatu kwa kawaida hayafunguki. Kama hakuna matundu ya AC yanayofika huko, Novemba pale Mtwara mjini abiria wa nyuma watakuwa wamelowa kabla hamjatoka mjini. Mkishapanda uwanda wa Makonde angalau kuna kaubaridi.

Kuingia nako ni shughuli. Huku sheria inataka mtoto akae kwenye kiti chake maalumu mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kwa hiyo wazazi wanahangaika na swali la jinsi ya kupita kwenda nyuma wakati safu ya kati imejaa viti vya watoto. Ndiyo maana wengine wanapenda gari lenye siti mbili tu katikati zenye njia kati yake. Kwetu swali ni bibi. Urefu uleule wa SUV unaoliokoa gari kwenye makorongo ndio unaomtesa yeye mguu ukishindwa kufika juu, khanga ikimbana, wajukuu wakimsukuma kwa adabu. Toyota Noah ina mlango wa kuteleza na sakafu ya chini. Bibi anaingia mwenyewe, anakaa, anaanza kulalamika kuhusu mambo mengine.

Lakini hakuna linalotutenganisha na watu wa huku kama mizigo. Familia ya huku ikisafiri na watu wengi haina mzigo, na ikiwa na mzigo haina watu wengi. Sisi tuna vyote kwa pamoja. Kurudi kutoka Newala bila korosho ni kama hukwenda, na kuna ming'oko, vile viazi vya porini, kuna kuku, kuna nazi za kumpelekea mtu ambaye yuko hukohuko kwenye nazi. Safu zote zikiwa zimesimama, SUV nyingi hubakiza nyuma nafasi ya mabegi mawili matatu, basi. Keria nayo ina mpaka wake, mara nyingi kilo 75 hadi 100, na mzigo wa juu unalifanya gari liyumbe kwenye kona. Piga hesabu: watu wazima saba wa kilo 70 ni kilo 490 kabla hata ya jogoo mmoja. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva huwa kuna kibandiko cha upepo wa tairi, na mara nyingi kina vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari lililojaa. Sijui nani kwetu anakisoma.

Tairi la akiba pia. Magari mengi mapya ya huku hayana. Unapewa kopo la povu na kipampu, ukiamini kwamba gari la msaada litakufikia. Povu haliwezi kuziba tairi lililopasuka ubavuni. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, watu walikwama njiani. Safari zetu zinataka tairi zima, jeki na spana.

Jambo moja wa huku wametushinda, nalo sina la kulitetea: kila abiria ana mkanda wake, hata mtoto mchanga. Sisi tunapakatana. Kwa hiyo ukikagua gari la mtumba, hesabu mikanda ya nyuma na uivute mmoja mmoja, maana mingine imeshakatwa.

Kaka yangu anataka Prado. Nimemwambia aangalie toleo. Yale ya kabla ya 2009, siti za nyuma zinakunjwa zikaning'inia pembeni madirishani na kula nafasi ya mzigo. Toleo lililofuata zinalala sakafuni. Aangalie pia kama safu ya kati ikilazwa godoro linaingia, kwa sababu siku ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Ndanda hakuna atakayeuliza rangi ya gari. Injini kubwa na umri mkubwa vyote vinaongeza kodi, hilo analijua.

Mimi mwenyewe ningenunua Noah. Barabara kubwa za kwetu nyingi sasa zina lami, mafundi wanaijua, na vipuri vinapatikana. Kaka anasema nimesahau mchanga wa ufukweni Msimbati. Sijausahau. Ila Msimbati tunakwenda mara moja kwa mwaka, na misiba hatuichagui.