Nauli ya Watu Wawili

Maisha ya mjomba wangu yameshikwa na sindano mbili. Ya kwanza ni ya mti, ya kushonea nyavu, kazi anayoifanya tangu utotoni katika kijiji chetu cha ufukweni, kaskazini mwa mji wa Kigoma, kule ambako gari halifiki na watu wanapanda boti Kibirizi. Ya pili ni ile ya kila mwezi, ya dawa, inayozizuia sauti zisimrudie kichwani. Akiikosa ya pili, baada ya muda hata ile ya kwanza haimkai mkononi.

Kuna mwaka aliikosa miezi minne mfululizo. Tulipomfikisha kliniki mjini alikuwa amefungwa mikono kwa kamba ya boti. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi alimgeukia mama yangu kwa ukali: "Mama, mlipotelea wapi? Mnamwacha mgonjwa mpaka anaharibika hivi?" Mama akamjibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa bei ya dagaa: "Hatukupotea mwanangu. Tulikuwa tunatafuta nauli."

Jibu hilo nilikuja kulisikia tena miaka mingi baadaye, safari hii kutoka kwa daktari. Dixon Chibanda ni bingwa wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, na alipoanza kazi yake mabingwa kama yeye nchini humo hawakuzidi kumi na kitu, kwa watu zaidi ya milioni kumi na mbili. Amesimulia mara nyingi habari ya binti aliyekuwa akimtibu, aliyeishi mbali na Harare. Binti alizidiwa, daktari akasema aletwe. Hakuletwa. Baadaye mama yake akapiga simu kusema binti amejiua. Daktari alipouliza kwa nini hawakuja, aliambiwa hawakuwa na dola 15 za basi.

Madaktari wengi wana hadithi ya namna hiyo na wanaimeza kimya kimya. Ninachomheshimu Chibanda ni kwamba aliigeuza kuwa swali la utafiti, na swali lenyewe halikuhusu ubongo. Lilihusu basi. Kama mgonjwa hawezi kuja, tiba ikamkute wapi, na nani aipeleke?

Mwaka 2006 alianza Mbare, kitongoji cha Harare. Hakupewa wauguzi, maana hawakutosha. Hakupewa chumba ndani ya kliniki, maana vilijaa. Alichopata ni bibi kumi na wanne waliokuwa tayari wakijitolea katika afya ya jamii, na nafasi nje, chini ya mti. Wakaweka benchi. Mtu anakaa na bibi, anaeleza yaliyomlemea, bibi anamsaidia kuchagua shida moja tu ya kuanza nayo na hatua ya kuchukua, kisha anarudi tena na tena, hadi vikao sita.

Daktari alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Bibi wakamcheka: nani atakaa hapo aonekane? Likaitwa kwa Kishona *Chigaro Chekupanamazano*, yaani kiti cha kupeana mawazo. Sisi tulio kwenye reli ya kati tunawaelewa bibi hao bila mkalimani. Huku ukitaka kumtukana mtu unamwambia "wewe wa Mirembe", na hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, inayotibu watu tangu enzi za Mwingereza, imegeuka tusi hata midomoni mwa watoto ambao hawajawahi kupanda treni. Bandika kibao cha wagonjwa wa akili pale soko la Mwanga mjini Kigoma uone kama hata mbuzi watapumzika chini yake.

Bibi walimfundisha na neno lingine: *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Ndiyo lugha waliyoijua wateja wao. Sonona, jina la kitaalamu la ugonjwa wa huzuni kali, hawakuijua. Na sisi je? Umewahi kumsikia mama wa Ujiji akisema ana sonona? Atasema ana mawazo, hana raha, moyo unamwenda mbio, usingizi umemkimbia. Miaka fulani walikuja vijana na madodoso kijijini kwetu, wakauliza wanawake maswali yaliyotafsiriwa kama katiba, wakaandika kwamba karibu wote wako salama, wakatuachia vipande vya sabuni, wakapanda boti. Sabuni ilikuwa nzuri.

Haikuwa lazima iwe hivyo, maana wapo wataalamu wetu waliolifikiria jambo hili mapema. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kipimo cha sonona chenye maswali 19 kilichoandaliwa hapa hapa Tanzania. Kazi kama hiyo haimpi mtu umaarufu wa redioni. Lakini bila hiyo utapima nini? Utapima kama watu wanaelewa Kiswahili cha ofisini.

Chibanda hakuishia kwenye simulizi, na hapo ndipo wengi wanaompenda bibi zaidi ya hesabu wanapomwacha. Alipambanisha benchi na huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu kidogo, katika kliniki 24 za Harare zilizogawanywa kwa bahati nasibu, kwa watu 573, na matokeo yakatoka mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliokaa benchi na bado wana dalili za sonona walikuwa chini ya 14 katika kila 100. Upande wa pili walikuwa karibu 50. Tangu lile benchi la kwanza ilikuwa imepita miaka kumi. Miaka kumi ya kazi kuthibitisha kwamba bibi anajua kusikiliza! Mtu anaweza kucheka, lakini serikali haitoi bajeti kwa sababu ya methali.

Mpango huo umeshavuka hadi Zanzibar. Mimi nautaka Kigoma, na ninautaka kwa masharti.

Benchi halimtibu mjomba. Linafaa kwa sonona na wasiwasi, kwa mama aliyefiwa, kwa kijana aliyekosa kazi, kwa wengi wa wale tuliowapokea kutoka Burundi na Kongo wakiwa na mambo vifuani ambayo hakuna aliyewauliza. Anayesikia sauti anahitaji dawa, na dawa inahitaji mpango mwingine kabisa: ghala, fedha, muuguzi aliyefundishwa kuchoma na kutambua mikono inapoanza kutetemeka kwa madhara yake. Mjomba aliacha vidonge vya zamani kwa sababu hiyo hiyo, vilimtetemesha akashindwa kupitisha uzi. Tukamwita mkaidi. Fundi asiyeweza kushika sindano utamwambia amepona kwa kigezo gani?

Hofu yangu ni kwamba mkubwa mmoja atasoma habari za bibi wa Harare akafurahia upande wa bei tu. Atatununulia mabenchi, apige picha, kisha zahanati ibaki bila sindano.

Na tuache kusema watu wa vijijini wanakwenda kwa mganga wa kienyeji kwa ujinga. Mganga wetu anakaa mwendo wa robo saa kwa miguu. Anapokea malipo kidogo kidogo, hata kwa samaki, migebuka. Anamjua babu wa mgonjwa. Na hakuulizi ulipotelea wapi. Hospitali inashinda kwa dawa, hilo sibishani nalo, ila mambo mengine yote imemwachia yeye.

Kuna jambo la nauli ambalo mtu wa mjini halioni. Mgonjwa wa akili hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, na siku mbili za kazi zimekwenda. Thomas Lambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Nigeria, alilielewa tangu 1954 kule Aro, Abeokuta: alitaka kila mgonjwa aje na ndugu, na wakakaa katika nyumba za wanakijiji jirani na hospitali badala ya kufungiwa wodini. Alimhesabu msindikizaji kuwa sehemu ya tiba. Kwetu msindikizaji ni mtu wa kufokewa kaunta.

Halafu kuna mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, boti zinalala ufukweni na fedha inalala nazo. Kadi ya kliniki haijui hilo. Inasema rudi baada ya wiki nne, na tarehe ikiangukia mbalamwezi, nyumba haina kitu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaliane, siku zote zikawa mbalamwezi. Nani ameufanyia utafiti uhusiano wa mwezi, dagaa na waliokatisha dawa? Daktari kijana anayetafuta mada ya kumfikisha uprofesa, nampa hii bure. Aje na daftari, akae wiki mbili Kibirizi, ahesabu nani anashuka na kadi ya kliniki na nani hakushuka.

Mimi nafundisha Kasulu, na kila mwezi natazama kalenda mbili, ya shule na ya angani. Kliniki ijayo inaangukia mbalamwezi, kwa hiyo nimeshamtumia mama nauli ya watu wawili kwa simu. Jana kanipigia. Anasema mjomba anataka safari hii aende peke yake, na ile nauli ya pili anunulie uzi.