Mtoto aliyepona saratani si mvivu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa vilima. Mtoto anayesoma Ibanda na kulala Kadutu anapanda kila jioni, na nyumbani bidoni ya maji ya lita 20 inamsubiri. Wenzake wamezoea. Aliyemaliza tiba ya saratani anaketi njiani, na majirani wanauliza: si alishapona huyu? Mvivu tu!

Uchovu huo madaktari wanaujua vizuri. Unaweza kudumu miaka baada ya dawa kuisha, na kulala hakuuondoi. Doksorubisini, dawa ya saratani inayotumika kwa limfoma ya Hodgkin (saratani ya tezi za limfu) na baadhi ya uvimbe wa Wilms (saratani ya figo ya watoto), inaweza kudhoofisha moyo, pengine miaka mingi baadaye. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, inaweza kuumiza neva za miguu. Mionzi ya shingoni inaweza kuharibu tezi ya thairoidi. Ongeza malaria yetu na upungufu wa damu. Kabla ya kumkaripia, apimwe damu, tezi na moyo.

Dodoso la uchovu la PedsQL, yaani orodha ya maswali ya kupima hali ya mtoto, linagawa uchovu mara tatu: wa jumla, wa usingizi na wa akili. Huu wa tatu ndio shule zetu haziuoni kabisa. Mtoto ametulia, macho ubaoni, lakini kilichoandikwa hakimwingii. Dodoso hilo lina nakala ya mtoto na ya mzazi, na mara nyingi majibu yao hayalingani. Sishangai. Huku kwetu daktari akimuuliza mtoto, mama ndiye anayejibu.

Mama huyohuyo, kwa huruma, atamlaza kutwa nzima. Namwelewa, ila hapo anamharibia. Kutembea kidogo na kucheza mpira, kwa kiasi anachoruhusu daktari, ndivyo vinavyopunguza uchovu, kitanda kinauongeza.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone, na mateso ya wote yapungue. Tunapenda kunukuu nusu ya kwanza. Nusu ya pili iko darasani: mwalimu anayemwongezea muda wa mtihani, anayemruhusu kupumzika katikati ya somo bila kumwaibisha. Haihitaji mfadhili. Wazazi, mwaka wa shule ukianza, nendeni kwa mkurugenzi na barua ya daktari, kabla mtoto hajalazimishwa kurudia darasa kwa sababu ya kuandika polepole.