Jino liko Limete, damu iko Shilatembo

Mkaaji wa Lubumbashi anayetaka kumtolea Patrice Lumumba heshima ana njia mbili. Apande ndege mpaka Kinshasa, kwenye kaburi la Limete ambako jino lake lilizikwa tarehe 30 Juni 2022. Au ashike barabara ya Likasi, kama kilomita 50, mpaka Shilatembo, porini, mahali alipopigwa risasi usiku wa 17 Januari 1961.

Wanaotetea jino likae Limete, si Shilatembo, wana hoja. Waziri mkuu wa kwanza wa Kongo yote hawezi kuwa mali ya jimbo moja, na mji mkuu ndiko taifa linakokutana. Tena huku kwetu Lubumbashi jambo lenyewe lina kigugumizi. Waliosimamia mauaji yale walikuwa viongozi wa Katanga iliyojitenga, pamoja na maofisa wa Kibelgiji, na sanamu ya Moïse Tshombe, aliyekuwa rais wa Katanga hiyo, ingali imesimama katikati ya mji. Wapo wazee ambao ukitaja Shilatembo wanageuza mazungumzo, kana kwamba mji mzima unaitwa mahakamani. Siwalaumu sana.

Hoja yao ya ulinzi, kwamba Kinshasa jino linalindwa vizuri zaidi, ndiyo hainiingii. Novemba 2024 kaburi hilohilo la Limete lilivunjwa na jeneza likaharibiwa, serikali ikabaki kutuhakikishia kwamba jino liko salama.

Lakini kinachonielemea zaidi ni wale wawili wengine. Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa seneti, walisimamishwa kwenye mti usiku uleule. Okito ndiye aliyetangulia, Lumumba akawa wa mwisho. Maiti zilifukuliwa, na Gérard Soete, polisi wa Kibelgiji, akaziyeyusha kwa asidi. Jino la Lumumba lilisalimika kwa kuwa Soete aliling'oa akaenda nalo kwao, kama mwindaji na pembe. Ubelgiji imelirudisha baada ya miaka 61. Ya Mpolo na Okito haijarudi hata chembe.

Basi jino likae Limete, sina ugomvi. Ila anayeishia Limete amemzuru mtu mmoja kati ya watatu. Ua la Okito litawekwa wapi, kama si kwenye mchanga ule alioangukia? Watoto wetu wa shule wanapandishwa basi kwenda kutazama simba wa zoo, nao barabara ya Likasi wanaijua kwa malori ya shaba tu.