Kofia za bluu na vita visivyozuilika

Waasi wa M23 walipouteka tena mji wa Goma, mashariki ya Kongo, Januari 2025, kauli iliyosikika barazani Ngamiani, hapa Tanga, ilikuwa kali: askari wa Umoja wa Mataifa wanalipwa kwa kutazama. Haikukosa msingi. Novemba 2012 waasi haohao waliingia mji huohuo MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ikiwapo, na watu wa Goma wana haki ya kukasirika.

Lakini lawama humwangukia aliyetumwa, wakati tatizo liko kwa wanaopigana. Walinda amani wa kawaida huingia kwa ridhaa ya wahasimu, wakiwa na silaha za kujilinda. Ridhaa ikiondoka, hawana cha kushikilia.

Tanga iliyaona hayo kabla Umoja wa Mataifa haujazaliwa. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu makoloni ya ukanda huu kuwekwa nje ya vita, ila kwa sharti kwamba wapiganaji wote wakubali. Agosti 1914 Waingereza na Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanga, walifikia mapatano ya kutoushambulia mji. Novemba 2 manowari ya Waingereza, Fox, ikaja kutangaza kuwa yamevunjwa.

Sinai, rasi ya Misri inayopakana na Israeli, ndiko penye somo zito zaidi. UNEF, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa 1956, kilikaa upande wa Misri tu, kwa kuwa Israeli ilikataa kukipokea kwenye ardhi yake. Mei 16, 1967 Misri ilianza kudai kiondoke; Mei 18 Katibu Mkuu U Thant akaridhia. Hadi leo analaumiwa kwamba angevuta muda. Angeuvutaje? Askari wapatao 3,400 wenye silaha nyepesi walikuwa mbele ya jeshi la Misri lililokwisha kuingia Sinai, na India na Yugoslavia, zilizotoa sehemu kubwa ya kikosi, hazikuwa tayari kubaki bila idhini ya Misri. Aliiomba Israeli iwapokee upande wake, ikakataa tena. Zikabaki siku 18 kabla ya vita vya Israeli na Misri. Baraza la Usalama lilikutana tangu Mei 24, wala halikupitisha azimio lolote hadi vita vilipolipuka Juni 5. Siku hizo 18 ndizo za kuulizwa, tena waulizwe wenye kura ya turufu.

Wapo wanaosema dawa ni kuwapa askari ruhusa ya kushambulia. Kwa kiasi ni kweli: Azimio 2098 la Machi 2013 liliunda brigedi ya askari wasiozidi 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikapigana bega kwa bega na jeshi la Kongo, na Novemba mwaka huo M23 wakasalimu amri. Ila ushindi huo haukufunga njia zinazopitisha silaha kuingia mashariki ya Kongo, na askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, hukohuko mashariki ya Kongo, Desemba 2017, kwa mkono wa kundi jingine kabisa, ADF, waasi wenye asili ya Uganda.