Grupu la wateja: lifungwe au liachwe wazi?

Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo ninaowasaidia kuuza mtandaoni, swali halibadiliki: grupu la wateja la WhatsApp liachwe kila mtu aandike, au admini peke yake ndiye atume picha za mzigo? Mimi nataka liwe wazi. Lakini wanaofunga wana sababu nzito.

Kwanza, wateja huibwa. Kwenye grupu la kawaida namba za wanachama zinaonekana. Mshindani anaingia kama mnunuzi, anakaa kimya wiki mbili, kisha anawafuata wateja wako mmoja mmoja na bei iliyopungua elfu mbili. Nimeyashuhudia hayo. Ndiyo maana baadhi yao walikimbilia chaneli WhatsApp ilipozileta mwaka 2023, maana huko wafuasi hawaonani namba wala hawaandikiani. Tena Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya mteja si kitu cha kuanika ovyo.

Pili, bei. Biashara yetu ni ya kupatana, na anayechukua doti ishirini za vitenge hauziwi sawa na anayechukua moja. Ukimtajia mmoja kwenye grupu, umewatajia wote. Ndiyo asili ya lile jibu la "njoo inboksi" linalowachosha wanunuzi. Hili lina dawa: andika wazi bei ya rejareja, ya jumla, na jumla inaanzia doti ngapi.

Sasa nieleze kwa nini bado nasema liachwe wazi. Usiku mmoja, kwenye grupu la dada mmoja muuza vitenge, mteja wa Morogoro alituma picha ya shuka jeupe lenye madoa ya zambarau. Kitenge kimechuja. Mwenye duka akanipigia akitaka kuifuta. Nikamsihi asubiri. Tukiwa bado kwenye simu, fundi cherehani mmoja akamwuliza yule mteja kama alikifua bila kukichanganya na nguo nyingine. Mwingine akasema chake cha rangi hiyo kiko salama, cha mwezi uliopita. Wa tatu, aliyenunua wiki moja na yule wa Morogoro, chake nacho kimechuja. Ndani ya nusu saa wateja wenyewe walikuwa wamelitambua robota lenye kasoro. Asubuhi mwenye duka akaandika kwamba wote walionunua kutoka robota hilo atawabadilishia.

Lingekuwa chaneli, yule mteja wa Morogoro angewaonyesha shuka majirani zake, na dada yule angeendelea kuuza robota lilelile bila kujua.

Ila grupu wazi linataka mtu wa kulilea. Likikosa mlezi, linajaa salamu za asubuhi, upatu na siasa, na wanunuzi wanaondoka kimyakimya. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja, lakini si lazima ulijaze. Dada yule huingiza waliokwisha kununua tu, tena kwa ridhaa yao.

Muuza saruji simlaumu akitumia chaneli, kwani mteja wake anataka bei na gari la kupeleka tu. Lakini kwa kitenge, mbegu au vifaranga, kazi ya mnunuzi inaanza akishafika nyumbani, na hapo anamhitaji aliyemtangulia.

Yule fundi cherehani sasa ni admini wa pili. Akivuka doti tano anapewa bei ya jumla, na usiku yeye ndiye anayefuta matangazo ya upatu.