Pumzi Moja ya Kikombe: Je, Spora Hushirikiana?

Aprili iliyopita, siku mbili baada ya mvua kubwa ya masika, mimi na mwalimu mwenzangu wa biolojia tulisimama Nyegezi, Mwanza, mbele ya gogo la mwembe lililoanza kuoza. Juu yake vilikuwa vimeota vikombe vidogo vya rangi ya waridi, vingi havizidi kizibo cha soda, vina vinyweleo ukingoni na maji ya mvua ndani. Vilifanana sana na Cookeina, jenasi ya uyoga wa kikombe inayoota kwenye miti iliyooza katika nchi za joto. Tukapata kimoja ambacho maji yake yalikuwa yamekauka. Nikainama, nikakipulizia taratibu. Ukatoka moshi! Ulipanda kidogo, mweupe, kisha ukapotelea hewani.

"Mwalimu, umeona zinavyoshirikiana?" akasema mwenzangu.

Nikamjibu palepale kwamba neno hilo ni kubwa mno kwa uyoga. Tumebishana tangu siku ile, kwenye daladala, ofisini, hata tukila samaki pale Kirumba, na ninakiri kwamba msimamo wangu wa leo si ule wa Nyegezi.

Kilichotoka kilikuwa spora, chembe ndogo za uzazi. Uyoga tuliouzoea, wenye kofia na shina, huziachia spora zake zianguke kutoka chini ya kofia. Uyoga wa kikombe huziweka juu, zinatazama mbingu. Upande wa ndani wa kikombe umejaa vifuko virefu vyembamba, maelfu kwa maelfu, vimesimama wima na kubanana kama mpunga uliokomaa. Kila kifuko, ambacho wataalamu hukiita askasi, kwa kawaida hubeba spora 8. Ndani yake mna majimaji yenye vitu vilivyoyeyuka. Vitu hivyo huvuta maji, shinikizo hupanda, na kifuko kinakaza kama mpira uliojazwa upepo. Kwa jamii ya Cookeina na Peziza, jenasi nyingine ya uyoga wa kikombe, ncha ya kifuko ina kifuniko kidogo. Kikifunguka, spora hurushwa nje kwa kasi kubwa.

Kasi hiyo peke yake haifiki mbali. Kwa kitu chenye urefu wa mikroni kumi na kitu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hewa ni nzito kama uji. Spora iliyorushwa peke yake husimama baada ya milimita chache tu, na karibu na ardhi hewa imetulia, haina upepo wa kuibeba. Hapo ndipo mwenzangu ana hoja yake kuu. Mwaka 2010 watafiti Marcus Roper, Agnese Seminara na wenzao walichapisha utafiti uliotumia kamera za kasi kubwa kupiga picha vikombe vya Sclerotinia sclerotiorum, uyoga wa kikombe unaoshambulia mazao. Waligundua kwamba maelfu ya spora zikitoka kwa pamoja zinaisukuma hewa hadi inakuwa upepo, na upepo huo unazibeba spora kupita sentimita 10, zikikwepa vizuizi njiani, mpaka kwenye hewa inayotembea. Kikombe kinajitengenezea upepo wake. Kila ninapolifikiria jambo hili nasisimka upya.

Upepo huo una gharama. Spora za mwanzo hukutana na hewa iliyolala, zinaisukuma, na nyingi zinaishia hapo. Waliokulia vijijini wanakijua kisa hiki: mkipita alfajiri kwenye majani marefu, anayetangulia ndiye anayelowa umande, na wanaofuata wanafika wakavu. Mwenzangu anauliza, kama huku si kushirikiana, kuitwe nini?

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilihusu jinsi tukio linavyoanza. Utafiti uleule unaonyesha kwamba hakuna kiongozi wala ishara inayotolewa. Yaelekea mkazo ndio chanzo. Kifuko kimoja kikipasuka, kinabadilisha mbano kwa jirani yake, naye anapasuka, na wimbi linakimbia kikombe kizima. Mguso unaweza kulianzisha, au mwanga, au unyevu wa hewa unaoshuka ghafla, au pumzi ya mwalimu mdadisi. Mawe ya Mwanza yanayobebana juu ya vilima nayo hutikiswa na jirani yake likiporomoka moja, na hatusemi yameshirikiana.

Mwenzangu alilipangua jibu hili, na alikuwa na haki. Jiwe halikuundwa na vizazi vya mchujo wa asili, ule unaobakiza wanaofaulu kuzaa, ili liporomoke vizuri, ila kikombe kimeundwa hivyo. Swali la kibiolojia halihusu nia. Linauliza kwa nini mchujo haujazaa wadanganyifu, vifuko vinavyosubiri wengine waloweshwe umande kisha vikapita kwenye njia kavu. Sehemu ya jibu imo kwenye fizikia: anayechelewa sana anakuta wimbi limekwisha na hewa imetulia tena, na watafiti hao walionyesha kwamba umbo la mkondo wenyewe linawapa faida wale wanaochangia zaidi kuutengeneza.

Jibu langu la pili ndilo ninalolishikilia bado, nalo linatoka kwenye uzazi wenyewe. Kabla ya kikombe kuonekana, nyuzi za uyoga ndani ya ubao au udongo hukutana, na viini vya pande mbili, vyenye kubeba urithi, huishi pamoja katika nyuzi zilezile bila kuungana. Vinaungana tu ndani ya kifuko kichanga, kisha mara moja vinagawanyika: kwanza mgawanyiko wa kupunguza, unaotoa viini vinne vyenye urithi uliochanganywa, halafu mmoja zaidi unaovifanya kuwa vinane. Ndiyo maana ya 8.

Sasa, Sclerotinia hahitaji mwenzi. Anaweza kujizalisha mwenyewe, na hapo spora za kikombe kimoja zinakaribia kuwa na urithi uleule. Spora inayokufa ikifungua njia inamfungulia pacha wake. Hilo si fumbo la ushirikiano, kama vile ngozi ya kidole changu inavyokufa bila kuingia mkataba na moyo wangu. Kwa hiyo kiumbe aliyetumika kuonyesha ushirikiano ni yule ambaye kwake ushirikiano ni rahisi kuliko wote. (Wakulima wa maharage na alizeti wasimwone mzuri kwa sababu ya simulizi hii: anashambulia zaidi ya spishi 400 za mimea, anajificha ardhini miaka kadhaa kama vinundu vyeusi, na ule upepo mdogo ndio unaozinyanyua spora zake hadi kwenye maua. Bahati yetu kandokando ya ziwa ni kwamba anapenda ubaridi.)

Mtihani wa kweli uko kwa spishi zinazohitaji mwenzi wa aina tofauti. Huko kikombe kina ndugu wasiofanana, na kila mmoja ana sababu ya kujipendelea. Mfano upo kwenye kinyesi cha ng'ombe, na Usukumani hatukikosi. Ascobolus immersus ana kikombe kidogo chenye vifuko vichache, vikubwa. Hatengenezi upepo wa umati. Kila kifuko hutokeza, hujipinda kuelekea kwenye mwanga, na hurusha spora zake 8 zikiwa zimegandana kwa ute kama risasi moja. Risasi nzito hewa haiisumbui sana. Inafika makumi ya sentimita, kwenye majani yasiyogusana na kinyesi, ambako ng'ombe atakula. Spora hupita tumboni salama na kuota kwenye kinyesi kipya.

Nilidhani mfano huu unanipa ushindi, kwani palipo na ndugu wasiofanana umati umevunjika na kila kifuko kinajitegemea. Mwenzangu akanirudisha ndani ya kifuko. Kati ya zile 8, nne ni za aina moja ya kupandana na nne ni za aina nyingine. Zikigandana na kutua pamoja, bwana na bibi harusi wamefika kwa safari moja. Ushirikiano umehama tu, kutoka kikombe hadi kifuko. Nami nikaongeza gharama yake, maana ndoa hiyo ni ya ndugu kwa ndugu, na urithi mpya hauingii.

Basi nimelikubali neno la mwenzangu, kwa sharti moja: lisitumiwe kabla ya kuuliza spora hizo zina undugu gani. Yeye hataki sharti hilo. Anasema undugu hauufanyi upepo.

Gogo la Nyegezi bado lipo, limekauka, vikombe vimenyauka vikawa kama maganda ya karanga. Vuli ikianza tutarudi asubuhi na karatasi nyeusi za kunasa spora, tuzisimamishe sentimita 1, 5 na 10 juu ya kikombe kimoja. Safari hii atapuliza yeye.